Upande wa Kulia wa Gari

Córdoba, 11 Februari 1962

Shemeji Secondo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ikikukuta umenuna, isome ukiwa umenuna hivyo hivyo, mradi uisome.

Jumapili iliyopita tulikaa tena nyumbani kwa jirani yetu mfamasia, Don Anselmo, mimi na dada yako, tumevaa kama watu wa harusini, tunaingojea simu. Irma alijipaka hadi poda. Nikamwambia, mama, simu haina macho, akaniambia nimwache. Mwishowe yule binti wa mitambo ya simu akasema Torino wanajibu kwamba mtu tuliyemwita hakufika. Ni mara ya pili hii. Krismasi tulisema labda ni ukungu, labda karatasi ya wito ilipotea posta. Sasa tuseme nini? Mgahawa wa Pina wenye simu uko chini ya ngazi zako. Huhitaji hata kuvaa koti.

Irma hakulalamika. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akalala. Siku hizi anachoka upesi, na joto la Februari la huku halina adabu. Lakini najua anachokiwaza. Anadhani miaka yote hii hujamsamehe kwa kunifuata Argentina. Mimi namwambia kaka yako ni mtu wa kununa wiki moja, akizidisha anachoka mwenyewe. Anacheka kidogo, halafu anarudia palepale: basi mbona hata stesheni hakuja kutuaga?

Mimi nipo tu. Hiki kiwanda ni kikubwa mno, milango ya magari inatoka kwenye mashine ikiwa imeshafinyangwa, ya kulia na ya kushoto sawa sawa, na kazi yangu ni kuipapasa kwa glovu kutafuta vibonyeo. Hakuna anayeshika nyundo. Nikitaka kugonga kitu, nagonga mlango wa nyumba yangu. Nikiwa peke yangu huwa nakumbuka tulivyokuwa tukisimama kwenye karakana ya Audagna, wewe kushoto, mimi kulia, gari katikati. Unapiga, nangoja. Napiga, unangoja. Kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi asikie bati lake linasemaje. Huku kelele ni moja tu kutwa, na haisemi kitu.

Shemeji, sikuombi makubwa. Irma anataka kusikia sauti yako, basi. Nikiagiza simu tena, shuka ngazi.

Delmo


Torino, 25 Februari 1962

Delmo,

Barua yako nimeipata. Sijanuna. Mwambie dada yangu sijanuna, na mwambie asijipake poda kwa ajili ya simu, hiyo ni hasara ya poda.

Krismasi nilipitiwa na usingizi. Hii mara ya pili nilikuwa na mafua. Tena mimi simu siipendi, ndivyo nilivyo. Wale wacheza karata wa Pina wakiona mtu anaongea na Amerika wanaweka karata chini, wanasikiliza mpaka kwa meno. Nina kalamu, nina mkono, nitaandika.

Habari kubwa ni hii. Karakana imeuzwa. Mhandisi Audagna alituita wote kwenye ukumbi wa kupaka rangi, akapanda juu ya sanduku, akatusimulia habari za baba yake kana kwamba hatukumjua. Jinsi mzee alivyoanza na magari ya farasi ya kuwapeleka mabibi kanisani, na jinsi gari lake la kwanza la petroli lilivyokuwa bado na tundu la kuchomekea mjeledi, kwa sababu hakuna aliyemwambia alitoe. Akasema habari za magari ya wagonjwa ya vita vya kwanza, na bomu la vita vya pili lililotuachia ukuta mmoja na choo. Unakumbuka tulivyoanza upya kwa mabaki ya alumini za ndege, yana alama za risasi na tunayanyoosha hivyo hivyo. Halafu akafika kwenye ile miaka yetu, maonyesho ya magari kando ya ziwa, mabibi na manyoya yao, na Irma amepiga magoti ndani ya gari anamalizia kushona kiti huku waamuzi wameshafika mlangoni. Hapo nilidhani Mhandisi atalia. Akapiga chafya. Kisha akasema amewauzia watu wenye mashine za kubana bati, na wazee watatafutiwa nafasi.

Wametuachia gari moja tumalizie kwa mkono, la milango miwili, la bwana mmoja wa Milano. Ndilo la mwisho. Upande wa kushoto ni wangu, nimesema asiguse mtu. Upande wako yuko Natalino, kijana wa Veneto. Si mtu mbaya ila kazi inamshinda. Hanipi nafasi. Napiga, naye anapiga juu yangu, kama mtu anayekula huku anaongea. Nimemfokea mpaka nimechoka. Ananitazama tu, eti mimi ndiye ninayepiga juu yake. Mimi, niliyesimama na wewe tangu tukiwa na nywele.

Nyumba imetulia. Redio ya mama nimempa jirani wa ghorofa ya tatu, ilikuwa inakusanya vumbi tu. Jumapili nakula jibini la toma na mkate, naangalia tramu zinavyozunguka. Nasikia huko kwenu mnakula nyama kama hamna akili nzuri. Kuleni na yangu.

Secondo


Córdoba, 8 Machi 1962

Kaka,

Delmo yuko kazini, naandika bila ruhusa yake. Akiona nimekaa mezani atanirudisha kitandani, amekuwa mkali kama mtawa.

Umeitoa redio ya mama? Ile tuliyoigombea mimi na wewe mpaka mama akaifungia kabatini? Uliniambia nikiondoka niondoke na kila kitu ila redio. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi, na imeniuma kuliko simu. Mtu akianza kugawa vitu vya nyumbani ana lake jambo. Unaumwa? Una mwanamke asiyependa muziki? Ukiwa naye niambie, nitafurahi, hata akiwa wa Veneto.

Nikuambie jambo, usinicheke. Huku mtaani wananiita señora, yaani bibi. Delmo ananiita mama, tangu yule mtoto wetu aliyekaa siku moja tu, na mimi sijawahi kumkataza. Hakuna anayeniita Irma. Mchana nikilala hapa, jua limepigwa pazia, nakukumbuka ulivyokuwa unaniita kutoka dirishani nikiwa uani na wasichana. Unalivuta jina mpaka majirani wanafungua madirisha. Nilikuwa naona haya mpaka nataka kufa. Sasa ndilo ninalolitaka. Shuka kwa Pina, shika simu, niite kwa lile livuto lako. Usiniombe radhi, usiniulize kitu, niite tu nijue bado una dada.

Nilikuacha na mama mgonjwa, najua. Nilikuacha na nyumba. Kama ni hilo, sema. Nikisikia unafoka nitajua yameisha, maana wewe ukifoka hufika mwisho. Hiki kimya ndicho nisichokiweza.

Je, viti vya gari la mwisho anashona nani? Asiwe yule Ersilia, hajui kuvuta uzi.

Irma


Torino, 23 Machi 1962

Dada'ngu Irma,

Sina mwanamke. Siumwi. Redio ilikuwa mbovu, basi, usiitafutie maneno.

Kuhusu mama, sikulaumu. Alikufa akiwa anakusema vizuri, mimi ndiye aliyekuwa ananisema. Mengine tutaongea. Ngoja gari hili liishe, kichwa changu kitulie, ndiyo nitashuka kwa Pina na utanisikia mpaka uchoke. Si muda mrefu. Ningesema ni Pasaka, lakini tumerudishwa nyuma na jambo la aibu, nikwambie wewe maana Delmo atanicheka.

Bati la madigadi yangu ya mbele limepasuka. Nilikuwa nalitoa lile tumbo la juu ya gurudumu, bati liko kwenye gogo, nagonga vizuri kabisa, nyundo ileile, mkono uleule, na ghafla naona watu wote wamesimama wananitazama. Natalino amenyoosha mkono kama mtu anayemzuia ng'ombe. Natazama chini, bati lina ufa unaoweza kuingiza kidole. Msimamizi alikuja, akalishika, akaliweka chini bila neno. Ningependa angetukana. Nimesema bati lenyewe lilikuwa bovu. Alumini za siku hizi ni takataka. Nimeanza upya.

Viti anashona Ersilia. Nisamehe, si kosa langu.

Kula, ulale, msikilize mumeo kwa mara moja. Simu hapana kwa sasa. Nitakwambia lini.

Kaka yako,
Secondo


Córdoba, 2 Aprili 1962
(barua ya haraka)

Secondo,

Irma alinisomea barua yako akicheka habari ya Ersilia. Alipofika kwenye madigadi akaendelea kusoma tu, maana yeye ni mtu wa uzi. Mimi nilimnyang'anya karatasi.

Nimesimama mbele yako miaka mingi. Hujawahi kupasua bati. Si kwa sababu una mkono mwepesi, mkono wako ni mzito kama wangu. Ni kwa sababu bati halipasuki bila kusema. Likianza kuwa jembamba sauti yake inapanda, inakuwa kama ya kikombe, na hapo fundi anaacha hata akiwa usingizini. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, ulinipiga kibao nilipozidisha pigo moja. Hakuna alumini mbovu isiyolia. Lililia, na karakana nzima wakalisikia, ndiyo maana walisimama. Wewe hukulisikia.

Basi nikarudi kwenye barua ya kwanza. Natalino anapiga juu yako, kumbe ni wewe unayepiga juu yake. Redio. Mafua. Simu mara mbili. Nilikaa jikoni nikajiona mpumbavu, maana nilikuwa nimeanza kukuchukia, Secondo, nakwambia ukweli. Nilimwambia Irma siku moja kwamba kaka yake ana roho ya jiwe. Kumbe masikio yamekufa na umejikaza kisabuni, hutaki kusema.

Sijamwambia. Ni lako kulisema. Lakini na mimi nina langu nililolificha, nalo haliwezi kungoja gari la Milano.

Irma hachoki kwa sababu ya joto. Ana uvimbe tumboni. Walimfungua Novemba, wakamfunga tena. Aliniapisha nisikuandikie, alisema utauza kila kitu upande meli, na utafika umenuna. Nilikubali kwa sababu nilidhani tuna mwaka. Sasa daktari anakuja kila siku na haniangalii usoni. Kila simu niliyoiagiza ilikuwa kwa ajili hii. Na mimi kwa ujinga wangu nikaandika eti ni joto.

Sikiliza basi. Nimeagiza simu Jumapili ya Matawi, tarehe 15, saa kumi na moja jioni kwenu. Don Anselmo ataipitisha waya dirishani mpaka kitandani. Najua unavyowaza: nitakwenda kushika kitu nisichokisikia, nitajibu ndiyo mahali pa hapana, dada yangu atajua na Pina atajua na kesho karakana itajua. Secondo, huna haja ya kusikia. Hakuna anayekuomba usikie. Unatakiwa kusema tu. Mwambie Pina ukweli, ashike lile sikio la pili la simu linaloning'inia ubavuni, akuguse bega laini ikifunguka, na akuguse kila Irma anapojibu. Wewe ongea, acha nafasi, ongea. Ni kazi uliyoifanya maisha yako yote.

Shuka ngazi.

Delmo


Córdoba, 16 Aprili 1962

Shemeji yangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na lile baya. Irma alifariki Alhamisi alfajiri. Alikuwa amelala, nami nilikuwa nimemshika mguu, maana mkono ulikuwa unamuuma. Ijumaa tukamzika, huku hawaweki maiti. Walikuja majirani wote, na waliosema maneno walisema señora, na padri akalisoma jina lake vibaya.

Nilikwenda posta kukupigia simu ya maandishi. Niliandika maneno, nikampa karani, nikamnyang'anya. Niliwaza: atapata karatasi hii Jumamosi, na Jumapili hatashuka. Atakaa mezani na toma yake na tramu zake, na lile alilotaka kumwambia litabaki ndani miaka iliyobaki. Simu ilikuwa imeshaagizwa. Sikuifuta. Labda nilikosea, utaniambia.

Jumapili saa saba mchana kwetu nilikaa kitandani upande wake. Don Anselmo alipitisha waya dirishani, akaondoka. Ikalia. Binti wa mitambo akasema Torino wako tayari. Kwanza kulikuwa na kama upepo, halafu nikasikia vikombe vya Pina, halafu kiti kikivutwa. Halafu ukaita.

Ulimwita kwa lile livuto. Nilikuwa sijaujua huo mwito, Irma alinisimulia habari zako lakini jambo hilo hakuwahi kuniigizia. Nadhani hata wale wacheza karata walisimama. Ukanyamaza. Nilijua unangoja bega. Nilitaka kusema, Secondo, hayupo, lakini ungesikiaje? Ningemwambia Pina, na Pina angekuandikia kwenye karatasi ya kufungia sukari, mbele ya watu wale. Sikuweza. Nikasema taratibu: ndiyo.

Ukaendelea. Ulimwambia umekuwa kiziwi na hukutaka wajue karakana, kwa sababu fundi bodi kiziwi hupewa ufagio na gari la mwisho linaisha bila yeye. Ukamwambia hukumnunia hata siku moja baada ya mwezi wa kwanza. Ukanyamaza, nikasema, najua. Ukamwambia Ersilia ameshona kiti cha dereva uzi umekwenda upande kama mlevi, na Irma angekifumua chote kwa meno. Hapo nilicheka kweli, samahani. Ukamuuliza kama bado anakunja tambi za agnolotti upande mbaya kama alivyofundishwa na shangazi yenu. Nikasema, bado.

Halafu ukamwambia habari ya siku tuliyoondoka. Kwamba hukuja stesheni kwa sababu ulikwenda karakana, Jumapili, hapakuwa na mtu, ukasimama upande wa kulia wa gari, ukajaribu kupiga kwa mkono wangu ili uone kama utaweza kukaa bila sisi. Na hukuweza, ukakaa chini kwenye vumbi la alumini mpaka giza. Hilo lilikuwa la Irma kulisikia. Nimelisikia mimi. Limenikaa hapa kifuani na sijui nilipeleke wapi.

Mwisho uliita tena jina lake, safari hii kwa sauti ndogo, ukauliza: yameisha? Nikasema yameisha, Secondo. Kisha binti akakata.

Nimekuibia maneno ya mtu mwingine. Ukitaka kunichukia una haki. Naandika haya katika nyumba ambayo kuna kikombe kimoja tu kwenye karai, na sijui nifanye nini na Jumapili.

Delmo


Torino, 6 Mei 1962

Delmo,

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa nalia, na mtu wa umri wangu akilia huchafua karatasi. Barua yako ilifika Ijumaa Kuu imeshapita. Niliiweka mezani siku nzima kabla ya kuifungua. Sikuwa na haja, nilikuwa najua.

Pina hakuniambia. Yule mama ni mwaminifu, alishika lile sikio la pili, alikaza uso, akanigusa bega kila mara kama ulivyoelekeza. Lakini hana uso wa kuficha kitu. Nilipoita mara ya kwanza alianza kutabasamu, kisha aliposikia jibu akaona haya, akatazama chupa zake. Nikadhani sauti ya Irma imekuwa mbaya kwa ugonjwa. Nikaendelea.

Ila ni lile bega, Delmo. Irma maisha yake yote hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Ukisema nusu yeye ameshajibu, umeshamkasirikia, ameshakusamehe. Nilikuwa nimejiandaa nipigwe bega katikati ya kila neno. Haikuwa hivyo. Nilimaliza, nikanyamaza, bega likaguswa. Nilimaliza tena, likaguswa palepale, si kabla, si baada. Duniani ninamjua mtu mmoja anayeingia namna hiyo. Nimesimama naye gari katikati tangu tukiwa na nywele.

Kwa hiyo nilipofika kwenye agnolotti nilikuwa nimeshajua Irma hayupo. Pina akanisogezea kiti, nikakaa. Ningeweza kuweka simu chini. Nikakufikiria umekaa na hicho chombo kule kitandani kwake, peke yako, unasema bado, bado. Nikaona hapana, huyu hawezi kuachwa hivyo. Habari ya ile Jumapili ya karakana nilikuwa nimemwekea Irma, ni kweli. Lakini nilipoisema nilikuwa nakwambia wewe. Nilitaka uijue. Hujaiba kitu, kwa hiyo acha kujitesa.

Jumatatu yake nilimwambia msimamizi. Nilitegemea ufagio. Akasema karakana nzima inajua tangu mwaka jana, walikuwa wananingoja mimi. Natalino ndiye aliyetafuta njia. Sasa anainua kidevu akimaliza pigo, nakiona juu ya paa, ndipo napiga. Bati nalisikiliza kwa kiganja cha kushoto nikiwa nimekibandika upande wa pili, likianza kuwa jembamba linawasha. Si kama zamani. Ubavu wangu umetoka mnene kidogo kuliko wa Natalino. Mhandisi alizunguka gari, akaenda huku, akaja huku, akasema ni zuri sana, maana hakuna mtu anayeweza kuziona pande zote mbili kwa mara moja. Bwana wa Milano amelichukua juzi. Mimi nilisimama mlangoni na wenzangu, likatoka bila sauti. Wao wanasema liliunguruma vizuri.

Kiti cha dereva tulikifumua kabla halijaondoka. Niliwaambia ni agizo la Irma Rovei, na wazee wakavua kofia, hakuna aliyebisha. Ersilia alikishona upya huku analia. Safari hii uzi umenyooka.

Jumatano wanaleta mashine zao. Gogo letu walitaka kulichoma, nimelileta nyumbani kwa mkokoteni wa Natalino. Liko jikoni, pale ilipokuwa redio. Chumba cha Irma kimekaa kama alivyokiacha, ila nimefungua dirisha na kupigapiga godoro. Sisemi zaidi, wewe ni mtu mzima na una nauli yako ya kufikiria.

Nimeagiza simu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Karani alinifokea nirudie jina la mji, baadaye nikaona anafoka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ninapayuka. Jumapili ya tarehe 3 Juni, saa saba mchana kwenu. Usikae kitandani pale, mwombe Don Anselmo akupe kiti. Wacheza karata wameshaambiwa, wanasema watacheza kimya kimya, hilo nitaliamini nikiliona.

Nitakuita jina lako. Nitakusimulia ya wiki, hata kama hayana maana. Kisha nitanyamaza kidogo. Ingia hapo.

Secondo